30 Juni ni siku ya kuzaliwa ya franga yetu pia



Juma hili tunatayarisha sikukuu ya 30 Juni. Watoto wote wanajua kusema: uhuru, 1960. Lakini siku hiyo hiyo, mwaka wa 1998, franga tunayoitumia leo sokoni ilianza kutembea. Niliposema hivyo darasani, mtoto mmoja wa mwaka wa sita akauliza: «Mwalimu, kumbe feza nayo inazaliwa?» Ndiyo, mwanangu. Inazaliwa, na inakufa.

Franga ya kwanza ililetwa mwaka wa 1887, wakati wa Leopold II. Mwaka wa 1967 ikaja zaire: zaire 1 kwa franga 1.000, nayo ikagawanywa kuwa makuta 100. Wakati ule zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili! Ndiyo maana hata leo mmoja anasema «sina franga» na mwingine «sina makuta». Midomo yetu inakumbuka.

Nyanya yangu aliuza ndagala. Zaire zake alizifunga ndani ya kikwembe, akaficha chini ya godoro. Siku za Noeli 1979 redio ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena, watu wakabadilishe upesi, na kwa kiasi kilichopimwa. Habari ilimfikia imechelewa. Alipofika dirishani kwa benki, muda ulikuwa umekwisha. Mama anasema nyanya hakumtukana yule mfanyakazi. Alimwambia tu: «Na wewe umetumwa.» Akarudi na kikwembe chake. Sisi wajukuu tulizichezea noti zile duka-duka.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi. Mwisho wa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Askari walilipwa nayo, wachuuzi wakaikataa, na Januari 1993 Kinshasa ikaingia katika fujo na vifo. Mwezi wa Oktoba ikaja zaire mpya: 1 kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani. Mwaka wa 1998, franga 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000.

Niliwapa watoto hesabu ubaoni: 100.000 mara 3.000.000. Jibu ni zaire za zamani 300.000.000.000 kwa franga moja. Darasa lilicheka. Mimi nilimwaza nyanya.

Ninaandika haya kwa sababu juma lililopita dada mmoja alisema heri tuvunje sanduku letu, kila mama aweke zake nyumbani, kwa dola. Ninamwelewa. Franga ilianza ikiwa chini ya mbili kwa dola. Leo inapita elfu mbili. Lakini dada, dola iliyopasuka kidogo tu pembeni, nani anaipokea sokoni? Na mwizi, na moto, na panya, hawaulizi ni feza gani.

Hata benki haikuwaokoa watu wa 1993. Feza iliyolala ilipungua popote ilipolala. Basi sanduku letu lisilale. Feza itoke kwa mkopo, iwe gunia la muhogo, mbuzi, cherehani, ada ya shule, kisha irudi na faida yake. Kila mama awe na kikaratasi chake kilichoandikwa sawa na daftari la katibu. Anayetaka benki aende, lakini aulize kwanza wanakata ngapi kila mwezi.

Na siku ya sikukuu, kabla ya kugawa wali, mwombeni mzee mmoja wa nyumbani awasimulie watoto: mwaka wa 1979, au wa 1993, ulikuwa na feza gani mkononi, na ilinunua nini? Hilo ni somo ambalo mimi peke yangu siwezi kulimaliza ubaoni.

Sikukuu njema.