Rada Iliona, Mabaharia Hawakuona

Asubuhi ya Julai 3, 1988, Airbus A300 ya Iran iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari fupi ya kuvuka Ghuba. Dakika saba baadaye ilitunguliwa kwa makombora mawili ya manowari ya Marekani, USS Vincennes. Watu wote 290 walikufa, 66 kati yao watoto.

Aegis, mitambo ya rada na makombora ya manowari hiyo, haikukosea. Kumbukumbu zake zilipokaguliwa zilionyesha ndege inapaa na kutoa ishara ya kiraia. Mabaharia, waliokuwa wakipambana na boti za Iran wakati huohuo, waliripoti kwamba ni ndege ya kivita F-14 inayoshuka kuwaelekea. Mwaka mmoja kabla, makombora ya Iraq yalikuwa yameua mabaharia 37 wa USS Stark katika Ghuba hiyohiyo. Nani angetaka kuwa Stark ya pili?

Skrini nazo ziliwaponza. Zilionyesha tarakimu za kimo tu. Kujua kama ndege inapanda au inashuka, baharia alilazimika kulinganisha namba kichwani huku mizinga ikirindima. Uchambuzi uliofuata umeonyesha pia kwamba namba ya ufuatiliaji 4474, iliyopewa Airbus hiyo mwanzoni, ilibadilishwa kuwa 4131, na ile ya kwanza ikaangukia ndege ya kivita iliyokuwa mbali, ikishuka. Aliyeuliza habari za 4474 alijibiwa kweli tupu, ila ya ndege nyingine.

Hapo ndipo wanaotetea mifumo ya kitaalamu, yaani programu zilizolishwa kanuni za wajuzi kwa mtindo wa "ikiwa hivi, basi vile", wanapokuwa na hoja nzito. Kompyuta haiogopi. Lakini programu inayotamka "adui" na kunyamaza ingemzidishia nahodha pupa.

Mradi wa TADMUS, ulioanzishwa na jeshi la wanamaji la Marekani baada ya maafa hayo, ulijaribu njia yenye busara zaidi: kuweka mbele ya kamanda ushahidi wa pande zote mbili. Ndege inaelekea melini, ndiyo. Lakini inapaa, imo katika njia ya ndege za abiria, na ishara yake ni ya kiraia.

Desemba 2024, katika Bahari ya Shamu, USS Gettysburg, nayo yenye Aegis, ilitungua F/A-18 ya Wamarekani wenyewe. Wawili waliokuwamo waliruka wakapona. Serikali zinazonunua mitambo ya namna hii huuliza sana kombora linafika umbali gani. Zidai pia kuonyeshwa skrini inampinga nahodha vipi pale anapokuwa ameshaamua.