Tuwape wanawake maneno, si vidonge tu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Bomet, alinijia ofisini na swali ambalo mwanaisimu hakulitarajia. "Mwalimu, mbona wamenipa dawa ya kisukari na sina kisukari?" Ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja. Hedhi yake ilikuwa imepotea kwa miezi mitano na ndevu zilianza kumwota kidevuni. Zahanatini alitajiwa kwa Kiingereza jina refu la maradhi, kisha muuguzi akamfasiria kwa neno moja: uvimbe. Nyumbani, kandokando ya mashamba ya chai, mama yake alilia akidhani ni saratani. Shangazi alipoona vidonge akatangaza kisukari. Binti akaviacha baada ya wiki mbili.

Sisemi muuguzi alikosa utu. Alikosa msamiati, na lawama hiyo ni yetu sisi tunaojiita wataalamu wa lugha.

Jina lenyewe lina kasoro tangu asili. Mwaka 1935 madaktari Stein na Leventhal wa Chicago walieleza ovari zilizojaa vifuko vidogo, na jina likafuata kilichoonekana. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa. Ni vijumba vya mayai yaliyoanza kukua yakakwama kabla ya kupevuka. Mwaka 2012 jopo la wataalamu nchini Marekani lilipendekeza jina hilo libadilishwe kwa kuwa linapotosha.

Kwa wanawake wengi wenye maradhi haya, kiini ni insulini, homoni itokayo kwenye kongosho na kuziamuru chembe za mwili zipokee sukari iliyo katika damu. Chembe zikiwa nzito kutii, kongosho huongeza insulini. Insulini ikizidi, huichochea ovari itengeneze testosteroni kupita kiasi, na papo hapo hulizuia ini kutoa protini ambayo kwa kawaida huifunga homoni hiyo katika damu. Hapo ndevu na chunusi hujitokeza, yai halipevuki, hedhi hupotea. Metformini, ile "dawa ya kisukari", huufanya mwili uitii insulini. Insulini ikipungua, testosteroni nayo hushuka. Nestler na Jakubowicz walichapisha ushahidi wa mfuatano huo mwaka 1996.

Hata hivyo tusitie chumvi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, lenye wanawake 626 waliotafuta mtoto, waliojifungua kwa metformini pekee walikuwa asilimia 7.2, ilhali kwa klomifeni pekee walikuwa asilimia 22.5. Metformini huchafua tumbo siku za mwanzo, ndiyo maana huanzwa kwa kiasi kidogo na kumezwa pamoja na chakula. Matokeo yake hungojewa kwa miezi. Tena yai likianza kupevuka, mimba inaweza kuingia bila kutarajiwa, na binti wa chuo anastahili kuambiwa hilo mapema.

Miongoni mwa Wakipsigis kutozaa kumekuwa mzigo mzito, hata mila ikamruhusu mwanamke asiye na mrithi amwoe mwanamke mwenzake ili apate watoto. Binti wa huko akiambiwa ana "uvimbe" kwenye ovari, hasikii habari za homoni. Anasikia hukumu ya utasa, ilhali wengi wenye hali hii huzaa wakisaidiwa.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi walimu wa bayolojia na wa Kiswahili na waketi pamoja wayaandae maelezo haya, na wenzao wa Kipsigis wasiachwe nje. Mimi napendekeza tuseme "maradhi ya mayai kukwama". Najua baadhi ya wenzangu watacheka. Mwenye neno bora na alilete.

Binti amemrudia daktari na kuanza dawa upya. Mama yake, aliyeshauriwa kupunguza sukari nyumbani, ameniuliza kama chai ya Kericho yaweza kunywewa bila sukari. Nimemjibu kuwa yaweza, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kujaribu.