Tumetenganisha taka, msizichanganye

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua mazungumzo mengi mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, nalo ni mapipa mapya ya kutenganishia taka majumbani. Kila nyumba iligawiwa mapipa mawili. La kijani ni la taka zinazooza, kama vile maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya ugali na majani ya mboga. La bluu ni la taka kavu zinazoweza kurudi kiwandani zikatengenezwa upya, yaani chupa za plastiki, makopo, karatasi na maboksi.

Tangu mapipa hayo yaletwe, tumesikia lawama nyingi dhidi ya wananchi. Tunaambiwa kwamba sisi ni wagumu wa kuelewa, kwamba hatupendi usafi, na kwamba wapo miongoni mwetu waliogeuza mapipa hayo kuwa ya kuwekea maji au mkaa. Ni kweli wapo, wala siwatetei. Lakini ningependa viongozi wetu wajiulize kwa nini jambo hilo limetokea. Pale ambapo maji hutoka kwa mgao, pipa jipya lenye mfuniko imara ni mali. Mama wa nyumba ameliona pipa, ameliona na bomba kavu, lakini gari la kuchukua taka zilizotenganishwa hajaliona. Basi amelipa pipa kazi anayoijua.

Malalamiko mengine niliyoyasikia kwa majirani nayo si ya kipuuzi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina wapangaji. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya sita, na zote zimepewa mapipa mawili yale yale sawa na nyumba yenye mzee mmoja na mjukuu wake. Wapangaji wanauliza ni nani atakayeosha pipa, na mwenye nyumba anajibu kwamba anayetupa ndiye aoshe. Wengine wanauliza iwapo ada ya taka itapanda. Wapo pia wanaolalamika kwamba pipa la kijani likikaa siku nne bila kumwagwa hutoa funza na harufu, na katika joto la jiji letu hilo halihitaji ushahidi.

Lakini lalamiko kubwa kuliko yote ni la gari. Siku ya kwanza ya kukusanya taka, lilikuja lori moja tu. Vijana walishuka, wakabeba pipa la kijani, wakamimina. Wakabeba la bluu, wakamimina juu ya lile la kijani. Kazi ambayo watu walikuwa wameifanya wiki nzima iliharibika kwa muda wa dakika moja, tena mbele ya macho yao. Jioni ile habari ilikuwa imeenea mtaa mzima, na wiki iliyofuata nyumba nyingi zilirudia kiroba kimoja cha kuchanganya kila kitu. Je, tuseme watu hao ni wagumu wa kuelewa? Mimi nasema wameelewa vizuri sana walichokiona.

Ndugu Mhariri, si kweli kwamba mwananchi wa kawaida hajui kutenganisha taka. Tumekuwa tukifanya hivyo kwa miaka mingi kabla ya mapipa haya. Anayekwenda dukani kununua soda ya chupa ya kioo hubeba chupa tupu, au huacha fedha ya chupa mpaka airudishe. Mabati yaliyooza, sufuria zilizotoboka na vipande vya nondo huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita na mizani yao. Pumba na mabaki ya chakula huenda kwa kuku na nguruwe wa jirani. Magazeti ya zamani hufungia maandazi. Na asubuhi na mapema tunawaona akina mama na vijana wanaookota chupa za plastiki ili wakaziuze kwa kilo. Katika mifano yote hiyo mtu hutenganisha kwa sababu anajua kile kitu kinakwenda wapi, na kwamba kikifika huko kina faida. Mkono mtupu haulambwi.

Kwa hiyo kinachokosekana si elimu ya rangi ya pipa peke yake. Kinachokosekana ni njia nzima inayoanzia jikoni hadi kiwandani au shambani. Wanaohusika na kazi hii wanajua kwamba karatasi iliyolowa mchuzi haifai tena kutengenezwa karatasi. Chupa za plastiki zilizochanganyika na matope na maganda hushuka bei, kwa sababu mnunuzi lazima azioshe kwanza. Kadhalika mboji iliyochanganyika na vipande vya vioo na betri haifai kuwekwa shambani. Ndiyo maana taka hutenganishwa pale zinapotoka. Zikishachanganyika ndani ya lori, hakuna mtu atakayezitenganisha kwa gharama nafuu.

Pengine wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, tuchanganye tu, lori lipeleke mbali na mambo yaishe. Hao nawakumbusha historia ya jiji letu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa karibu na nyumba zao, na mahakama ikawapa haki. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Kila mara tulipodhani taka zimekwenda mbali, zilikuwa zimekwenda mlangoni kwa Watanzania wengine.

Na jiji halikusimama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anakula, ananunua na kutupa. Sehemu kubwa ya taka za majumbani kwetu ni mabaki ya vyakula na majani, vitu ambavyo vingeweza kuwa mbolea. Vikifukiwa katika rundo la dampo huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka moto kwa urahisi na pia huchangia kuongeza joto la dunia. Hivyo tunalipia lori kubeba mbolea, tunaitupa, halafu mkulima wa bustani anakwenda dukani kununua mbolea ya mfuko.

Nchi yetu ina uwezo wa kufanya jambo hili, na mifano ipo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka na kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Kampeni ile haikumletea mwananchi kifaa na kumwachia ajue mwenyewe. Ilimpa nafasi ya kuuliza maswali kwanza, na kazi iliyofuata ilikuwa ni kazi aliyoielewa na kukubaliana nayo.

Mfano wa pili ni wa juzi. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi walidhani haitawezekana. Lakini muuzaji na mnunuzi walibanwa siku moja, na watu wakarudia vikapu na kununua mifuko mbadala. Agizo lile lilishika kwa sababu liligusa pande zote mbili za kaunta. La mapipa limegusa upande mmoja tu, upande wa jikoni, na kumwacha mwenye lori afanye kama alivyozoea.

Nje ya nchi pia tunaweza kujifunza. Mji mdogo wa Kamikatsu nchini Japani ulitangaza mwaka 2003 kwamba unataka kufikia hali ya kutotupa taka kabisa. Wakazi wake hutenganisha taka katika mafungu yapatayo 45, tena wanazipeleka wenyewe kituoni. Sisemi sisi tuanze na mafungu 45, kwani hata haya mawili bado yanatushinda. Nasema tu kwamba watu wale wanavumilia kazi hiyo kwa sababu wakifika kituoni wanaona kila fungu linawekwa mahali pake na wanaelezwa linakwenda kufanywa nini. Na hapa hapa kwetu, Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani ilijenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba maganda yetu ya ndizi hayana pa kwenda.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu, pamoja na kuweka utaratibu wa kuzitenganisha pale zinapozalishwa. Jukumu hilo haliishii kwenye kugawa mapipa. Anayepewa kandarasi ya kuzoa taka lazima afungwe na utaratibu ule ule anaofungwa nao mama wa nyumba. Ikiwa mwananchi anaweza kutozwa faini kwa kutupa taka ovyo, basi na mwenye lori anayechanganya taka zilizotenganishwa atozwe faini vile vile.

Kwa maoni yangu, marekebisho yanayotakiwa si ya gharama kubwa. Kwanza, pipa la kijani na pipa la bluu yachukuliwe kwa siku tofauti. Lori likiwa moja, lije Jumanne kwa taka zinazooza na Ijumaa kwa taka kavu, na asiyeweka pipa la siku hiyo asubiri. Pili, kazi ya taka kavu wapewe wale wale wanaookota chupa na wenye mikokoteni na maguta wa mtaani, wajiunge katika ushirika, wapewe glavu, vitambulisho na mahali pa kupimia mzigo. Hao wanajua bei ya kila aina ya chupa kuliko mtu yeyote aliyeko ofisini, na mapipa haya yakiendeshwa bila wao yatawanyang'anya riziki. Tatu, mapipa yagawiwe kwa hesabu ya kaya, si kwa hesabu ya nyumba. Nne, kila baada ya miezi mitatu mwenyekiti wa mtaa auitishe mkutano na kutueleza ni kilo ngapi za taka kavu zimeuzwa, fedha zimekwenda wapi, na ni kiasi gani kimepelekwa kwenye mboji. Mwananchi anayelipa ada ya taka na kupewa risiti ana haki ya kujua.

Kwa upande wetu sisi wakazi, nasi tusijifiche nyuma ya kosa la gari. Wapo wanaotia nepi za watoto katika pipa la kijani, na wanajua wazi kwamba nepi haiozi kama ganda la muhogo. Wapo wanaongoja mvua kubwa inyeshe ili wamwage taka mtaroni, halafu mafuriko yakiingia sebuleni wanailaumu Serikali. Mchuma janga hula na wa kwao. Hao majirani na wajumbe wawakemee bila kuoneana haya, na waliofanya pipa kuwa tangi la maji waambiwe warudishe pipa mahali pake mara gari la pili litakapoanza kupita.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hili. Mradi huu ukifa, hautakufa peke yake. Mwaka ujao au mwaka wa tatu watakuja wengine na mapipa ya rangi nyingine, na wananchi watacheka tu, wakisema tulishayaona hayo. Imani ya watu ikishapotea katika jambo la maendeleo, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kununua malori kumi. Bado wapo majirani wanaoendelea kutenganisha taka zao kila siku kwa uaminifu, japokuwa wanajua lori linachanganya. Naomba wahusika wafanye haraka kabla hao nao hawajachoka.

Mkazi na Mlipa Ada ya Taka,
Dar es Salaam.