Habari Iliyoletwa na Kinyozi

Ndugu msomaji, wakitajwa Wagiriki wa kale, aghalabu fikra zetu hukimbilia kwa wanafalsafa wenye ndevu na majengo ya nguzo za marumaru. Juma hili nakuomba tuwaache hao kidogo, tubishe hodi katika nyumba ya mtu wa kawaida wa mji wa Athens, mtu aliyeishi kwa jasho lake, tuone vita vilimfikiaje.

Nyumba yenyewe isingekushangaza. Kuta zake zilikuwa za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, dhaifu kiasi kwamba mwizi hakuhangaika na mlango. Alitoboa ukuta, na kwa lugha yao mvunja nyumba aliitwa mchimba kuta. Ndani, mke alisokota sufu, akafuma nguo za nyumba nzima, akasaga shayiri. Mwenye uwezo alinunua mtumwa wa kusaidia kazi. Asiyekuwa nao, mkewe alikwenda mwenyewe kuteka maji, hata kuuza mkate sokoni, ingawa waheshimiwa walishikilia kwamba mwanamke mwema haonekani njiani.

Mume alikuwa na kitu ambacho maskini wa miji mingine mingi ya Ugiriki hakuwa nacho, nacho ni sauti mkutanoni. Askari wa miguu wa Kigiriki alijinunulia mwenyewe ngao, mkuki na chapeo, na asiyekuwa na fedha za hayo hakuhesabiwa sana. Lakini Athens ilikuwa dola ya baharini. Merikebu moja ya vita ilitaka wapiga makasia 170, waliokaa kwa safu tatu, moja juu ya nyingine, na wengi wao walikuwa maskini wa mjini. Mwaka 480 kabla ya Kristo merikebu hizo ziliwashinda Waajemi huko Salamis. Tangu hapo haikuwa rahisi tena kumwambia mpiga kasia anyamaze. Neno demokrasia, maana yake nguvu ya umma, latoka kwa watu hao. Umma huo, hata hivyo, haukuwa na nafasi kwa mke aliyefuma wala kwa mtumwa aliyesaga, na hatuna sababu ya kuwafichia Wagiriki aibu hiyo.

Sasa tuutazame mwaka 415. Majira ya baridi kabla yake, Waathens walikuwa wameuteka mji wa kisiwa kidogo cha Melos kilichokataa kuwa chini yao. Waliwaua wanaume, wakawauza utumwani wanawake na watoto. Miezi michache baadaye, katika sikukuu ya michezo ya kuigiza, mtunzi Euripides alileta mbele yao mchezo wa *Wanawake wa Troy*: mji umeanguka, waume wamekufa, na wajane wanagawanywa kwa washindi kama mifugo. Waathens wakaketi, wakatazama. Mchezo ukapewa nafasi ya pili.

Kisha likaja shauri la kwenda Sicily. Nicias, mzee na jemadari, alipinga. Alcibiades, kijana wa nyumba kubwa mwenye ulimi mtamu, alilitaka. Twasoma katika mchezo mmoja wa kuchekesha wa Aristophanes kwamba wakati wanaume wakijadili safari hiyo, wanawake walikuwa juu ya mapaa wakiadhimisha msiba wa Adonis, wakilia kwa sauti. Katika mchezo huo afisa mmoja analalamika kuhusu kelele zao. Mchezo wenyewe, wa mwaka 411, unasimulia jinsi wanawake wanavyoishika hazina ya serikali na kuwagomea waume zao chumbani mpaka vita viishe. Watazamaji walicheka, lakini kufikia hapo nyumba nyingi zilikwisha kuwa na pengo.

Maana kura ilipita. Zilikwenda merikebu za vita 134, pamoja na askari wa miguu wenye silaha nzito 5,100. Kila baharia aliahidiwa drakma moja kwa siku, ujira wa kutwa uliolingana na wa fundi mwashi. (Drakma hiyo ndiyo iliyopita kwa Waarabu ikatufikia ikiitwa dirhamu.) Kwa mtu wa kibarua hiyo ilikuwa kazi ya uhakika, na sidhani ni haki kumcheka kwa kuinua mkono.

Mambo yaliharibika mbele ya mji wa Syracuse. Mwaka 413, wakati ambapo ilibakia kukimbia tu, mwezi ulipatwa. Waaguzi wakaagiza jeshi lingoje siku tatu mara tisa, na Nicias, aliyewaamini mno watu hao, akakubali. Adui akaifunga bandari. Waliotekwa hawakupungua 7,000, wakatiwa katika machimbo ya mawe, juani mchana, baridini usiku, wazima pamoja na maiti. Kwa miezi minane posho ya mtu kwa siku ilikuwa maji robo lita na nafaka nusu lita.

Habari ilifikaje nyumbani? Plutarch, aliyeandika karne kadhaa baadaye, asimulia kwamba mgeni mmoja alishuka bandarini Piraeus, akaketi kwa kinyozi, akaanza kuyazungumza mambo hayo akidhani kila mtu anayajua. Kinyozi alitimua mbio mpaka mjini kuwaarifu wakuu. Walimwuliza nani kamwambia, naye hakuweza kumtaja. Basi wakamwita mzushi, wakamfunga kwenye gurudumu la mateso, akateswa mpaka wajumbe wengine walipofika na kulieleza balaa lote. Sisi wa magazeti twakisoma kisa hicho tukijishika shingo.

Plutarch ana jambo jingine. Anasema watu wa Sicily walikuwa na kiu kubwa ya tungo za Euripides, wakiokota kipande hiki na kile kutoka kwa kila mgeni. Mateka aliyezikumbuka alikuwa na thamani. Tuwafikirie watu hao, wapiga makasia na mafundi, ambao kitabu hawakukijua sana, lakini walikuwa wameketi mwaka baada ya mwaka katika michezo ile, na masikio yao yalihifadhi.

Baadhi yao walirudi Athens. Walikwenda nyumbani kwa Euripides kumshukuru. Wengine walimweleza kwamba mabwana wao waliwaacha huru baada ya kufundishwa beti zake walizozikumbuka. Wengine walimwambia kwamba walipokuwa wakitangatanga baada ya mapigano, walipewa chakula na maji kwa kuimba nyimbo zake.