Lami inakuja, na mwenye chukudu je?

Ndugu wakreseri, na nyinyi mama zetu wa kutwanga mawe, leo sitaongea bei ya dhahabu. Nataka tuongee barabara na mashini.

Tarehe 16/6/2021, pale mpakani Kasindi na Mpondwe, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua kazi ya barabara: kilometa 80 Kasindi–Beni, kilometa 54 Beni–Butembo, na upande wa Bunagana–Rutshuru–Goma kilometa 89. Kazi ikapewa sosiete ya Kampala, Dott Services. Tulipiga makofi. Mimi pia. Mutu aliyelala siku tatu ndani ya matope pamoja na kamioni ya mchele hawezi kuchukia lami.

Lakini matope nayo ilikuwa inalisha watu. Kamioni ikizama, vijana wa kijiji njo wanashusha mizigo, wanasukuma, wanapakiza tena, kila mmoja anarudi nyumbani na franka yake. Mama fulani anawauzia fufu na sombe. Barabara ikiwa nzuri, kamioni inapita tu, inapiga honi. Na chukudu? Hainywi mafuta, seremala wa hapa hapa anaichonga, na kwa mteremko kutoka Masereka au Kyondo inashuka na magunia ya viazi ambayo punda ingekataa. Nimesomesha mtoto kwa chukudu ya mdogo wangu, sina haya ya kusema. Leo motari ya magurudumu tatu inafika sokoni mara mbili mbele ya yeye kufika mara moja.

Kwenye mashimo ni vile vile. Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, mama wa kutwanga walilia wakati mashini za kusaga mawe zilifika. Walikuwa wanatwanga kwa mikono, mavumbi inaingia kifuani, kazi mbaya kabisa, lakini ilikuwa yao. Watu wanasema mashini iliwapumzisha. Kupumzika bila chakula ni kupumzika gani? Na tuangalie jambo ambalo wengi hawaoni: mwenye mashini anabaki na mchanga, na ndani ya ule mchanga dhahabu iko bado. Ataitoa baadaye kwa dawa ya sianidi, peke yake. Kreseri amelipa kusagiwa jiwe, na ameacha mali nyuma.

Mimi sisemi tuvunje mashini. Tuangalie Mombasa, kwa sababu mizigo yetu ya Butembo inatoka kule. Gari moshi mpya ya kwenda Nairobi ilianza 2017, kisha serikali ikalazimisha kontena zipande gari moshi. Madereva, makanika, wenye hoteli za kando ya barabara, wote wakaona kazi inakauka. Walitoka barabarani, wakaandamana tena na tena, na mwaka 2019 serikali ikasimamisha ile amri. Gari moshi haikuchomwa, iko inatembea hata leo. Walichokataa ni kulazimishwa.

Sisi hapa tuko tunaomba nini? Kwanza, vijana waliokuwa wanasukuma kamioni waandikwe kwenye kazi ya mifereji na matunzo ya barabara, maana lami bila mfereji, kwa mvua yetu hii, haimalizi miaka mingi. Pili, njia ya Butembo–Manguredjipa isisahauliwe. Njo inapita dhahabu na njo inapita chakula ya wachimbaji, na bado watu wanabeba mizigo kwa mgongo. Tatu, na hii ni yetu wenyewe, si ya Leta: Kode ya Madini ya 2018 inataka kreseri awe ndani ya koperative. Basi koperative njo inunue mashini, mama wa kutwanga wawe wanachama wenye fungu, na mchanga ubaki wa wote.

Najua mtaniuliza pesa ya kununua mashini itatoka wapi. Kila timu ya shimo inatoa fungu kwa mwenye kilima, kwa mwenye pampu, kwa huyu na yule mwenye bunduki. Tuhesabu hayo kwanza, kwa karatasi, mbele ya wote.