Etat de siège: mpiga kura ajue mbunge wake alijibu nini

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya etat de siège. Magavana wa kiraia waliondolewa, maofisa wa jeshi na polisi wakashika nafasi zao, na raia anayeshitakiwa akaweza kupelekwa mbele ya korti ya kijeshi. Ilitangazwa kwa siku 30.

Kifungu cha 144 cha Katiba kinasema siku hizo zikiisha, amri inakufa yenyewe, isipokuwa Bunge la taifa na Seneti wakubali kuirefusha, siku 15 kila mara. Kwa hiyo haikurefuka yenyewe. Kuna watu waliosema ndiyo. Hata Bunge lilipokuwa likizoni, serikali ilirefusha kwa kibali ilichopewa na wabunge hao hao.

Lakini uliza mkulima wa Mambasa ama mama anayeuza samaki sokoni Butembo: mbunge wako alipiga kura gani? Atakuambia mheshimiwa aligawa sukari na chumvi wakati wa kampeni, ama alifika kwenye matanga. Kuhusu kura, hajui.

Na Katiba inataka kura juu ya sheria nzima ipigwe kwa kuita majina, kila mmoja ajibu kwa sauti. Jibu linatolewa mbele ya wote Kinshasa. Linalofika Beni na Bunia ni neno moja: Bunge limerefusha tena.

Wapo waliosimama wazi. Mwishoni mwa 2021, baadhi ya wabunge wa majimbo hayo mawili walisusia kikao cha kura hiyo, kwa sababu mauaji yalikuwa yakiendelea. Mwezi wa Agosti 2023 kulifanyika mkutano wa meza ya mviringo Kinshasa, na Oktoba Rais Tshisekedi akatangaza kulegeza hatua hizo polepole. Kura za kurefusha ziliendelea. Januari 2025 Goma, makao makuu ya jimbo lililoongozwa na gavana mwanajeshi, ikaanguka mikononi mwa M23.

Kuna utetezi unaojulikana: viti vya Bunge ni 500, wabunge wa majimbo haya ni wachache, hata wakikataa hawazuii kitu. Tena Katiba haimruhusu mpiga kura kumwamuru mbunge. Ni kweli. Lakini kutoamriwa si ruhusa ya kujificha. Aliyesema ndiyo akiamini jeshi linahitaji muda, aje Oicha aeleze watu sababu zake. Aliyesema hapana afanye vilevile. Na ambaye hakuwepo aseme alikuwa wapi.

Kinachohitajika si kitu kikubwa. Ofisi ya Bunge itoe majina na majibu baada ya kila kura. Redio za jamii ziyasome kwa Kiswahili. Mashirika ya raia yayatunze kwenye daftari mpaka uchaguzi ujao.

Masisi na Rutshuru hawakupata hata nafasi ya kupiga kura Desemba 2023, sababu ya vita. Waliochaguliwa kwa majirani zao wana deni la kusema kwa niaba yao pia.

Mheshimiwa atakaporudi kuomba kura, asiulizwe tu alileta nini. Aulizwe alijibu nini jina lake lilipoitwa.