Kidahizo Bila Kirejelewa: Maoni Kuhusu Data za Atomi na Nuru ya Infraredi

Mwanaisimu anayezungumzia nyota yumkini atatiliwa shaka. Hata hivyo, suala tunalolijadili hapa ni la kileksikografia kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1864 William Huggins aliona katika nuru ya nebula mistari isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Baadaye ilibuniwa elementi mpya, nebuliamu, ili kuieleza. Mwaka 1927 Ira Bowen alibainisha kuwa ilikuwa oksijeni tu, iliyopoteza elektroni mbili. Kwa miongo kadhaa, basi, wanafalaki walitumia kidahizo kisicho na kirejelewa.

Hatari hiyo haijatoweka. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hupokea hasa nuru ya infraredi, iliyo ng'ambo ya wekundu unaoonekana kwa macho, hadi mikromita 28. Kila mstari wa atomi katika nuru hiyo ni tofauti kati ya ngazi mbili za nishati. Ngazi zinapokaribiana, kosa dogo la kuzikadiria huusogeza mstari mbali na mahali pake. Atomi nzito, kama za lanthanidi, zina maelfu ya mistari iliyosongamana. Mwaka 2023 darubini hiyo ilipochunguza mabaki ya mlipuko uitwao GRB 230307A, mstari wa mikromita 2.15 ulihusishwa na teluriamu. Uzito wa dai hilo hutegemea ukamilifu wa orodha za atomi nyingine nzito, nazo hazijakamilika.

Kwa maoni yetu, kasoro iko katika hadhi wanayopewa wakusanyaji. Charlotte Moore alitoa juzuu tatu za ngazi za nishati kati ya 1949 na 1958, kwa kukusanya, kulinganisha na kusahihisha. Sisi tuliozeeka na kadi za kamusi twaijua kazi hiyo, na twajua isivyohesabiwa kuwa utafiti vyeo vinapogawiwa. Darubini ile iligharimu takriban dola bilioni 10. Haielekei kuwa ubadhirifu kutenga sehemu ndogo ya fedha za namna hiyo kwa maabara zinazopima atomi.

Wapo watakaodai kuwa kompyuta zitakokotoa yote. Ukokotoaji ni muhimu, lakini huhitaji vipimo vya kuusahihisha. Bowen mwenyewe aliitambua oksijeni kwa sababu ngazi zake zilikwisha kupatikana maabarani, katika nuru ya urujuanimno.